Mpiganaji Hakuzaliwa Mnyonge

Kuna kauli ambayo wachezaji wa Dungeons & Dragons wameirudia mpaka imekuwa kama sheria ya maumbile: mpiganaji hukua kwa kujumlisha, mchawi hukua kwa kuzidisha. Wanaoisema hawazungumzii kitabu kilicho mbele yao peke yake. Wanadai kwamba imekuwa hivyo tangu mchezo huu ulipochapishwa mwaka 1974, katika kila toleo, na kwamba haiwezi kuwa vinginevyo, kwa kuwa mtu mwenye upanga, hata awe hodari vipi, atalinganaje na mtu anayetamka neno na milango ya mbinguni ikafunguka? Kwa imani hiyo, mpiganaji akionekana dhaifu hakuna anayeuliza sababu, na anayelalamika huambiwa angechagua kuwa mchawi. Nasema kauli hii ni ya kweli kwa toleo moja, lile la tatu la mwaka 2000 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2003. Kwa matoleo yaliyotangulia ni dhuluma, na kwa yaliyofuata ni nusu ya ukweli. Nguvu ya fani ya mhusika haimo ndani ya fani yenyewe. Imo katika kanuni zinazoizunguka, yaani uhai wa maadui, namna ya kujinusuru na uchawi, na gharama ya kuutumia uchawi huo. Kanuni hizo zilibadilishwa na watu, kwa kalamu, katika mwaka unaojulikana.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, maelezo mafupi yatatosha. Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani, waliutoa kupitia kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mwendeshaji mmoja huwaeleza ulimwengu wanaouona na maadui wanaowakabili, huku dadu zikiamua mengi yasiyo hakika. Kila mhusika ana fani, na mwanzoni fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Mwaka 1978 kikatoka kitabu cha wachezaji cha toleo la kwanza la Advanced Dungeons & Dragons, na mwaka 1989 toleo la pili. TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na kampuni hiyo mpya ikatoa toleo la tatu mwaka 2000, la nne mwaka 2008, la tano mwaka 2014, na marekebisho makubwa ya la tano mwaka 2024. Mhusika hupanda ngazi kadiri anavyopata uzoefu, na ugomvi wote kuhusu mpiganaji na mchawi ni ugomvi wa nani anafaidika zaidi na ngazi hizo.

Kosa la kwanza la wenye kauli hii ni la kupima. Wanachukua mhusika wa toleo moja na mwenzake wa toleo jingine, wanasoma idadi ya mapigo na ukubwa wa madhara, kisha wanatoa hukumu. Kwa kipimo hicho mpiganaji wa mwaka 2000 ni jitu kuliko wa mwaka 1978: akifika ngazi ya 20 ana mapigo manne kwa raundi na mbinu maalumu ambazo babu yake hakuwahi kuziota. Lakini pigo lina maana gani kama hujui linamwangukia nani? Katika kitabu cha majoka na mazimwi cha mwaka 1977, joka jekundu kubwa kuliko yote, lililozeeka kabisa, lilikuwa na pointi 88 za uhai. Katika toleo la mwaka 2003 joka jekundu la umri wa juu lina pointi 660. Mpiganaji wa zamani mwenye nguvu nzuri na upanga mrefu wenye nyongeza ya 3 alilidhuru joka kwa wastani wa pointi 12 hivi kila pigo lilipolipata. Mapigo saba au manane yalitosha kulimaliza, na kuanzia ngazi ya 13 alikuwa na mapigo mawili kila raundi. Joka hilo lilikuwa linaogopesha kwa sababu pumzi yake iliunguza kwa pointi sawa na uhai wake, yaani 88, na anayejinusuru alipata nusu, 44. Mchawi wa ngazi ya 11 asiye na nyongeza ya siha alikuwa na wastani wa pointi 27. Alikufa hata akijinusuru. Mpiganaji wa ngazi hiyohiyo, naye bila nyongeza, alikuwa na wastani wa pointi 55, akabaki wima. Hapo nani alikuwa anamtegemea mwenzake?

Uhai wa maadui kama joka hilo ulipoongezwa mara saba, aliyeumia ni yule ambaye njia yake pekee ya kushinda ni kuumaliza uhai huo. Mchawi naye aliumia kidogo, na hili watu hulisahau: tamko la radi la mchawi wa ngazi ya 10 lilitoa wastani wa pointi 35 mwaka 1978, na linatoa 35 zilezile mwaka 2003. Kwa joka la kwanza ni asilimia 40 ya uhai wake. Kwa la pili ni kama asilimia 5. Uchawi wa kudhuru ulidhoofika pamoja na upanga. Tofauti ni kwamba mchawi alikuwa na mlango wa pili: matamko yasiyogusa uhai wa adui kabisa, yale yanayomlaza, yanayomgeuza jiwe, yanayomteka akili au kumwondoa ulimwenguni. Kwa matamko hayo, pointi 88 na pointi 660 ni kitu kimoja. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa ni hili: mlango huo wa pili ulikuwa wazi kiasi gani katika kila toleo?

Katika toleo la kwanza na la pili ulikuwa unafungwa taratibu kadiri wahusika walivyopanda ngazi. Aliyelengwa na tamko alirusha dadu ya pande 20 ili kujinusuru, na namba aliyoihitaji ilitegemea fani yake na ngazi yake, wala haikujali akili ya mchawi au ukubwa wa tamko. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza alihitaji 17 au zaidi dhidi ya uchawi, yaani asilimia 20 tu ya kunusurika. Akifika ngazi ya 17 alihitaji 6, yaani asilimia 75, na hapo hajavaa pete wala vazi lolote la kumlinda. Dhidi ya sumu na kifo alihitaji 3 tu. Toleo la tatu liligeuza hesabu: ugumu wa kujinusuru ukawa 10, ukiongeza ngazi ya tamko (matamko nayo yana ngazi zake) na nyongeza ya akili ya mchawi. Tuchukue mchawi wa ngazi ya 20 mwenye akili ya 29, jambo la kawaida kwa mwenye taji la kuongeza akili. Tamko lake la ngazi ya 9 lina ugumu wa 28. Mpiganaji wa ngazi ya 20 ana 6 za msingi katika kujinusuru kwa utashi. Mpe 1 ya busara, mpe na joho bora la kujikinga lenye nyongeza ya 5, jumla ni 12. Anahitaji 16 au zaidi kwenye dadu. Ni asilimia 25. Mtu yuleyule, mwenye fani ileile, katika kilele cha maisha yake, ameshushwa kutoka asilimia 75 akiwa mikono mitupu hadi asilimia 25 akiwa na joho la thamani. Zaidi ya hapo, kujinusuru kulipangwa upya katika milango mitatu, mwili, wepesi na utashi, na mchawi akaweza kuchagua mlango ulio dhaifu zaidi wa kila adui.

Gharama za uchawi nazo ziliondolewa moja baada ya nyingine. Katika toleo la kwanza, tamko la radi lilichukua sehemu tatu kati ya kumi za raundi, na mchawi akipigwa ndani ya muda huo, hata kwa jiwe la kombeo, tamko lilipotea. Hapakuwa na dadu ya kuomba msamaha. Ndiyo maana ukuta wa wapiganaji mbele yake ulikuwa sharti la yeye kufanya kazi. Katika toleo la tatu mchawi anaweza kutamka kwa kujihadhari katikati ya panga, kwa jaribio la umakini lenye ugumu wa 15 ukiongeza ngazi ya tamko. Kwa tamko la ngazi ya 9 ni 24. Mchawi wa ngazi ya 20 aliyeujaza umakini wake hadi mwisho ana 23, kwa hiyo hata dadu ikianguka kwenye 1 anafaulu. Kurudisha matamko yaliyotumika pia kuliwahi kuwa kazi nzito: toleo la kwanza lilidai dakika 15 za kusoma kwa kila ngazi ya kila tamko, baada ya mapumziko. Tamko moja la ngazi ya 9 lilihitaji saa mbili na robo. Mchawi wa ngazi ya 18 aliyemaliza hazina yake yote alihitaji zaidi ya saa 30 za kusoma ili kuijaza tena, siku kadhaa za kukaa mahali salama ambapo mtu mwingine alilazimika kulinda mlango. Toleo la tatu lilisema saa moja inatosha kwa yote. Mpiganaji aliyekuwa na fahari ya kutochoka, kwamba upanga wake hauishi kama matamko yanavyoisha, akaipoteza fahari hiyo bila hata mstari mmoja wa maelezo ya fani yake kuguswa.

Anayetaka kuyaona mabadiliko haya kwa ukaribu alitazame tamko moja tu, lile la kuongeza kasi. Katika toleo la pili, walioguswa nalo walipata mwendo maradufu na mapigo maradufu, lakini kutamka uchawi hakukuongezwa kasi, na kila aliyeguswa alizeeka mwaka mmoja. Lilikuwa zawadi ya mchawi kwa mpiganaji, na mpiganaji aliilipia kwa umri wake. Katika toleo la mwaka 2000 uzee uliondolewa, na kasi ikawa kitendo cha ziada ambacho mchawi aliweza kukitumia kutamka tamko la pili katika raundi ileile. Zawadi ikabaki mikononi mwa mtoaji. Mwaka 2003 waandishi waliiona hatari wakairudisha kwenye pigo moja la ziada kwa silaha. Toleo la tano likaongeza kwamba mchawi lazima aishike kwa umakini wake wote, na ikikatika aliyekuwa na kasi hupoteza zamu yake. Jina la tamko ni lilelile na ngazi yake ni ileile. Je, hapo mtu anaweza kusema kwamba uchawi kwa asili yake huushinda upanga? Asili ipi, ya 1989, ya 2000 au ya 2003?

Ushahidi mwingine kwamba tatizo la toleo la tatu lilikuwa la kanuni ni kwamba mpiganaji hakuzidiwa na mchawi peke yake. Alizidiwa na kuhani na mdruidi, fani nyingine yenye uchawi, tena katika kazi yake mwenyewe ya kupigana. Katika marekebisho ya mwaka 2003, kuhani alikuwa na tamko la ngazi ya nne lililompa ustadi wa kupiga sawa na wa mpiganaji wa ngazi yake, nguvu zaidi kwa 6, na uhai wa ziada. Mdruidi aliingia mchezoni akiwa na mnyama wa kumfuata tangu ngazi ya kwanza, baadaye akajigeuza dubu, na kwa mbinu moja tu akaendelea kutamka uchawi akiwa ndani ya ngozi ya dubu. Waandishi wenyewe walikiri kwa vitendo: mwaka 2006 walitoa kitabu kizima, Tome of Battle, chenye fani mpya za watu wa upanga zenye mbinu za kutosha kusimama na hao wengine. Jambo la maumbile halirekebishwi kwa nyongeza ya kitabu.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kwamba hata zamani mchawi alikuwa mnyonge mwanzoni na mbabe mwishoni, na kwamba kumtesa mtu katika ngazi tano za mwanzo si usawa, ni deni. Hapa nakubali sehemu. Mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye tamko moja na uhai wa dadu ya pande nne alikuwa karibu na kaburi kila mlango ulipofunguliwa, na tofauti hiyo haikuwa muundo mzuri. Nakubali pia kwamba baadhi ya wanaomtetea mpiganaji hutumia hoja dhaifu, wakidai jedwali la uzoefu lilimchelewesha mchawi. Halikumchelewesha kila mahali: kwa pointi 250,001 za uzoefu katika toleo la kwanza mchawi alikuwa ngazi ya 10 na mpiganaji ngazi ya 9. Lakini deni linalodaiwa kulipwa mwishoni halikulipwa kwa kiasi kinachosemwa. Mchawi alipopata matamko yake makubwa, maadui wakubwa nao walikuwa wanajinusuru mara nyingi kuliko kushindwa, na wengi walikuwa na kinga ya asilimia dhidi ya uchawi wowote. Wakati huohuo mpiganaji wa ngazi ya 9 alikuwa na haki ya ngome na kikosi cha askari kilichomfuata. Mchawi wa ngazi ya juu alikuwa mtu mwenye uwezo mkubwa katika nyakati chache. Hakuwa mtu asiyehitaji wenzake.

Wa pili husema kwamba kanuni hizo za zamani hazikufuatwa. Nani alihesabu dakika 15 kwa kila ngazi? Nani aliongeza umri wa mhusika kwa kila tamko la kasi? Mezani kwa wengi mchawi alipumzika usiku akaamka amejaa. Huenda ni kweli kwa meza nyingi, lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini. Anayeng'oa breki za gari lake hana haki ya kulilaumu kwa mwendo. Kama breki zilikuwa zimeandikwa na wachezaji wakazitoa, udhaifu wa mpiganaji ulitoka mezani kwao, haukutoka katika fani wala katika toleo. Toleo la tatu kwa kiasi kikubwa liliyachukua mazoea hayo ya kupunguza usumbufu likayafanya kanuni rasmi. Nia ilikuwa njema, kurahisisha mchezo, na kila kilichoondolewa kilikuwa kero kwa mtu fulani. Kosa lilikuwa kuona kila kero peke yake bila kuuliza zote kwa pamoja zilikuwa zinashikilia nini.

Wa tatu, aliye na nguvu kuliko wote, husema kwamba usawa unawezekana tu kwa kuua tofauti, na hutoa mfano wa toleo la nne. Humo kila fani ilipewa muundo mmoja: mbinu za kutumia wakati wote, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku. Wengi walilalamika kwamba mpiganaji na mchawi wamekuwa mapacha waliovaa nguo tofauti, na mchezo wa Pathfinder wa mwaka 2009, uliojengwa juu ya kanuni za 2003, ulipata wafuasi wengi kwa sababu hiyo. Malalamiko ya muundo nayaelewa. Lakini mpiganaji wa toleo la nne hakuwa pacha wa mtu. Alimtia adui alama, na adui akijaribu kumpiga mwenzake au kujipenyeza pembeni alikula pigo papo hapo. Akijaribu kupita mbele yake, pigo likimpata alisimamishwa palepale. Mlinzi wa kweli, ambaye kwa mara ya kwanza kanuni zilimpa njia ya kulinda badala ya kumwachia mwendeshaji aamue kama zimwi litampita au la. Na hata kama mtu hapendi toleo hilo, toleo la kwanza limekwisha kuonyesha kwamba fani zisizofanana kabisa zinaweza kubanwa na kanuni zikahitajiana. Usawa kwa kufananisha ni njia moja tu.

Toleo la tano ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu lina mambo yote mawili. Lilimrudishia mpiganaji uhuru wa kusogea na kupiga mapigo yake yote, likampa kitendo cha ziada cha ghafla, na likambana mchawi kwa sharti la kushikilia tamko moja la kudumu kwa wakati mmoja. Mazimwi wakubwa nao wakapewa haki ya kujinusuru kwa lazima mara kadhaa kwa siku, ili pambano lisiishe kwa tamko moja. Lakini mpiganaji mwenyewe aliachwa wazi kuliko hata toleo la tatu. Ngazi ya 20, busara ya 10, ugumu wa 19: anahitaji 19 au 20 kwenye dadu. Ni asilimia 10, ingawa mara chache kwa siku anaweza kurusha tena. Marekebisho ya mwaka 2024 yaliiona aibu hiyo; sasa anaporusha tena huongeza ngazi yake yote ya upiganaji, na mpiganaji wa ngazi ya 20 hawezi kushindwa na ugumu wa 19. Kwa sentensi moja ya kanuni, udhaifu uliosemwa kuwa wa milele umepungua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Toleo la tatu lilifanya mengi mazuri, na anayelipenda ana sababu zake. Lakini historia ya mchezo huu haikuanza mwaka 2000. Anayetaka kulinganisha nguvu za fani kati ya matoleo ataje toleo na ngazi, ataje adui na uhai wake, ataje nafasi ya kujinusuru, na ataje mchawi alilipa nini kwa kila tamko alilotoa. Akifanya hivyo ataona mstari unaopanda na kushuka: mpiganaji imara mwaka 1978 na 1989, mnyonge mwaka 2000, imara tena mwaka 2008, katikati mwaka 2014, na akiinuka mwaka 2024. Udhaifu wake una tarehe, na wenye kutunga kanuni za toleo lijalo wasijifiche nyuma ya uchawi wakishindwa kumtendea haki.